Kupanga chakula cha wiki na kununua mahitaji kwa pamoja

Mkazi wa Mbagala (swali)

Ndugu zangu, naomba ushauri. Nyumbani tuko sita, akiwemo mama mkwe ambaye ametakiwa na daktari apunguze chumvi. Mimi na mume wangu hurudi kazini jioni, kwa hiyo dada anayetusaidia hupewa hela ya mboga kila asubuhi akanunue gengeni kwa mafungu. Matumizi yamekuwa makubwa, na bado mezani ni maharage na dagaa kwa zamu. Nataka tuwe na ratiba ya wiki na siku moja ya kwenda sokoni, ila friji yetu ni ndogo na umeme hukatika. Ni vitu gani hasa vinafaa kununuliwa kwa pamoja?

Mkazi wa Tabata

Dada yangu, anza kwa kupanga kitoweo, kwa sababu unga na mchele havikosekani ndani. Kinachotuhangaisha jioni ni cha kulia navyo. Ukienda soko la samaki la Feri Jumamosi, samaki waparuliwe hapo hapo na wakaangwe wote siku hiyo, waliwe wakavu usiku na waungwe nazi Jumapili. Nyama iwe Jumatatu. Katikati ya wiki weka maharage, choroko au mbaazi za nazi, kisha dagaa na mayai yafunge wiki kwa kuwa hayategemei friji.

Maharage yaloweke usiku kucha, uyachemshe mengi kwa mara moja bila chumvi, uyagawe katika vibakuli na kuyagandisha. Siku ya kula dada anaunga tu, na ya mama mkwe yanatengwa kabla chumvi haijatiwa. Yakiyeyuka kwa sababu ya umeme, yachemshwe na kuliwa siku hiyo hiyo.

Mchicha na matembele uendelee kununua gengeni, kwani hayo hayangoji. Kabichi, karoti na vitunguu vinakaa wiki nzima, na nyanya uchague nyingine mbivu, nyingine zikiwa bado zina ubichi.

Muuza nafaka, Tandale

Naongezea upande wa nafaka. Sado ni kipimo cha ujazo, kwa hiyo sado ya mchele na sado ya maharage hazina uzito mmoja, na namna muuzaji anavyojaza hubadilisha kiasi unachopata. Ukitaka kulinganisha bei za maduka mawili, omba upimiwe kwa kilo. Sembe inaweza kununuliwa ya mwezi mzima, lakini dona ina kiini cha mahindi chenye mafuta, nayo huchacha mapema, hivyo ni heri kuweka mahindi makavu na kusaga kidogo kidogo.

Mahindi na karanga zenye ukungu, tafadhali, zisiingie jikoni kwako kwa sababu ya bei nafuu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hili nawaambia hata wateja wangu.

Baba wa watoto wanne, Morogoro

Ratiba iandikeni pamoja na dada, maana ndiye anayejua mafuta yameisha lini na watoto wanabakiza nini. Kabla ya kwenda sokoni afungue makopo yote, aandike kilichopungua; orodha itokane na hapo.

Mkazi wa Mbagala

Nashukuruni sana. Jumamosi hii nitaanza, na nafaka nitazipima kwa kilo. Je, kisamvu kilichotwangwa nacho kinaweza kugandishwa?

Mkazi wa Tabata

Kinaweza, ila kichemshe kwanza mpaka kiive kabisa, kwa kuwa kisamvu kibichi kina sumu inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Kikipoa, kigawe kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja. Nazi na karanga zitiwe siku ya kula.