Tupeane uzoefu: gari linachemsha, unaanzia wapi kutafuta chanzo?

Spana Kumi:
Tukusanye hapa njia za kukamata chanzo gari linapochemsha. Tuandike vipimo, tusibahatishe. Mara nyingi mtu hununua thamostati (valvu inayofungulia maji yakipata moto), akafuatia wota pampu (inayozungusha maji), akamalizia na rejeta mpya (inayopoza maji), kumbe iliyoungua ni rilei, yaani swichi ya umeme, ya feni.

Naanza na swali ambalo halina gharama: linachemsha wakati gani? Kama ni kwenye foleni, na joto linashuka ukishakimbia, kamata feni kwanza, kwa sababu mwendoni upepo wa mbele unaifanyia kazi yake. Likitulia kwenye foleni lakini likachemsha mlimani au mwendo mkali, maji hayazunguki ya kutosha: rejeta imeziba, mapanga ya pampu yamelika, au mpira wa chini wa rejeta umelegea na unajibana pampu ikinyonya. Likichemsha dakika chache tu tangu liwashwe asubuhi, fikiria thamostati iliyokwama ikiwa imefunga, hewa iliyonaswa ndani, au gasketi ya silinda hedi inayovuja (kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku).

Waya Mwekundu:
Feni ya umeme: washa AC. Kwenye magari mengi itazunguka hata injini ikiwa baridi. Ikigoma, chomoa soketi yake uipe volti 12 moja kwa moja toka betri, kwa waya wenye fyuzi. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima, kwa hiyo rudi kwenye fyuzi, rilei na sensa ya joto. Ikizunguka kivivu, brashi za kaboni zimekwisha.

Angalia na upande inakovuta. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa inyonye upepo kuelekea injini, kwa hiyo karatasi ukiiweka mbele inanata. Waya zikigeuzwa wakati wa matengenezo, feni inasukuma upepo mbele, inapigana na hewa inayoingia, na mtu anaiona "inafanya kazi". Kava la plastiki linalozunguka feni nalo lisitupwe. Bila hilo, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya inayopita kwenye rejeta.

Maji Baridi:
Mfuniko wa rejeta unadharauliwa sana. Ile 0.9 au 1.1 iliyoandikwa juu ni presha, takribani kwa bar (kipimo cha presha). Mfumo ukishikilia bar 1, maji matupu yanachemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Springi ikichoka yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba, huku geji ya joto haijafika hata kwenye alama nyekundu. Pia kuna valvu ndogo katikati ya mfuniko inayorudisha maji injini ikipoa. Ikikwama, utakuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea asubuhi.

Usifungue mfuniko injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Presha ikishatoka, maji yanageuka mvuke papo hapo.

Fila Geji:
Gasketi ya hedi isihukumiwe kwa moshi mweupe peke yake. Asubuhi ya baridi, moshi huo ni wa kawaida. Fanya hivi:

Injini ikiwa baridi kabisa, washa na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, hiyo si presha ya joto, ni gesi ya silinda. Kisha pima kwa ile chupa ya dawa ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, kwa injini ya petroli, gesi ya moto inaingia kwenye maji. Oili ya rangi ya maziwa ni dalili nyingine, ila uji mwepesi chini ya kifuniko cha oili pekee unaweza kuwa unyevu wa safari fupi fupi.

Ukishafungua hedi, weka rula ya chuma iliyonyooka na upime mwanya chini yake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu na kwa mshazari. Kikomo kiko kwenye kitabu cha injini, na nyingi hazivumilii zaidi ya takribani milimita 0.05 hadi 0.1. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itarudi kuvuja, na boliti za hedi za aina ya kuvutika (zinazorefuka zikikazwa) hazitumiwi tena.

Mdau wa Pili:
Kung'oa thamostati si suluhisho?

Spana Kumi:
Hapana. Injini haifiki joto lake, inakula mafuta, na kwenye injini ambazo thamostati hufunga njia ya mkato ya maji, ukiing'oa maji mengi yanapita hiyo njia bila kufika rejeta. Bado linachemsha! Bora uipime: ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto. Iliyoandikwa 82 ianze kufunguka karibu na 82.

Maji Baridi:
Ukirudisha thamostati, kitundu chake cha hewa kikae juu. Maji uliyomwaga yapime kwa lita: ukitoa 5 zikaingia 3, hewa imebaki. Inua pua ya gari, hita kwenye moto wa mwisho, fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, ongeza taratibu hadi feni iwake mara mbili. Geji isikudanganye wakati huo, maana sensa ikizungukwa na hewa inaweza kusoma baridi wakati hedi inaungua.