Mrejesho: likizo ya ndege, mbizi na nyota

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kupanga likizo moja ya nchi za tropiki itakayoturidhisha sote: mimi mpenzi wa ndege, mume wangu mpiga mbizi, na binti yetu asiyetaka kusikia kingine zaidi ya nyota. Tumesharudi, na imefana kweli!

Ushauri uliobeba safari nzima ni ule wa kutazama kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Tulienda mwezi ukiandama, anga ikawa giza totoro. Karibu na ikweta, nyota za kaskazini na za kusini unaziona usiku uleule. Binti alituonyesha Msalaba wa Kusini, kisha akatugeuza tuone Dubu Mkubwa. Ila siku hizo ni za bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na mikondo ni mikali, kwa hiyo mzee, mume wangu, alipiga mbizi maji yakiwa yametulia tu.

Kwangu mimi, alfajiri ndiyo kila kitu. Badala ya kuzunguka msituni, nilikaa karibu na mkuyu uliozaa, ndege wakaja wenyewe. Hondohondo mmoja alichuma tunda kwa ncha ya mdomo, akalirusha juu kidogo, akalimeza zima. Nilitetemeka kwa furaha.

Na aliyetukumbusha kuacha angalau saa 18 kati ya mbizi ya mwisho na safari ya angani, asante sana. Siku ile ya mwisho, kwa kuwa hakupiga mbizi, mzee alikuja nami msituni, na sasa anaulizia darubini yake mwenyewe ya kutazamia ndege.