Gumzo la ukoo: Jumamosi twende Shoreham

Baba Neema (London): Hamjambo ukoo. Jumamosi wanasema jua litawaka. Nani anakuja tupande treni twende Eynsford, Kent? Kutoka stesheni ya Blackfriars safari haichukui hata saa moja. Tukishuka tunafuata mto Darent kwa miguu hadi Shoreham, tunapandia huko kurudi.

Dada Tumaini: Mimi na watoto tumo. Ila mdogo hachelewi kuchoka.

Mama Neema: Tutakwenda polepole. Na tiketi ya kurudi mwandike Shoreham ya Kent jamani! Kuna nyingine Sussex, mtajikuta pwani.

Dada Tumaini: Kuna nini huko?

Baba Neema: Eynsford kuna daraja la mawe la zamani, na ubavuni mwake magari yanakatiza mtoni. Watoto hawatatoka hapo. Mbele kidogo ni Lullingstone, nyumba ya tajiri wa enzi za Warumi. Sakafu ya vijiwe vya rangi ingalipo: Bellerophon, shujaa wa hadithi za Wagiriki, juu ya farasi wa mabawa, anamchoma mkuki dubwana Chimera. Na karne ya 4 chumba kimoja kiligeuzwa cha ibada. Waliochimba walikuta plasta imeporomoka vipande vipande, wakaiunga, ikatokea alama ya Kristo na watu wamesimama wameinua mikono wakisali! Michoro hiyo sasa iko British Museum. Watu wanamwomba Kristo pale kabla mmisionari Augustine hajatua Kent mwaka 597. Mimi huwa nasisimka.

Mjomba (Bagamoyo): Nawasoma wanangu. Hiyo Shoreham si ndiyo ya Cameron?

Neema: Shikamoo babu. Cameron ndiye nani?

Mjomba (Bagamoyo): Marahaba mjukuu wangu. Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la wanamaji. Baba yake alikuwa kasisi wa Shoreham. Mwaka 1873 aliondoka hapa kwetu kwenda kumsaidia Livingstone. Mkuu wa msafara wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani hadi India, akarudi. Walipokuwa Unyanyembe, Tabora ya leo, kina Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, wakawakuta, wamebeba maiti ya Livingstone. Cameron akashauri azikwe hapohapo. Wakakataa katakata. Februari 1874 wakamfikisha Bagamoyo, akalazwa hapa misheni.

Neema: Walitembea na maiti njia yote hiyo??

Mjomba (Bagamoyo): Njia yote. Kutoka kijiji cha Chitambo alikofia, Zambia ya leo.

Baba Neema: Na Cameron akaendelea mpaka Ujiji, akavuka bara zima, Novemba 1875 akatokea Benguela kwenye Atlantiki. Mchoro wa kurudi kwake kijijini mwaka 1876, kazi ya Charles West Cope, umo ndani ya kanisa la Shoreham.

Mjomba (Bagamoyo): Basi watoto wakisimama hapo watajieni na Bombay, na wapagazi. Ndio waliobeba mizigo, wakatafuta maji, wakazungumza na watemi mambo ya hongo, yaani ushuru wa kupita. Bila wao Cameron asingefika popote.

Dada Tumaini: Nitawasimulia ndani ya treni mjomba, wafike wakijua.

Baba Neema: Kilimani kuna pia msalaba mweupe, umechongwa kwenye chaki mwaka 1920 kuwakumbuka vijana wa kijiji waliokufa vitani. Mtauona ukiwa juu ya nyumba.

Mama Neema: Nauli sasa. Watu wazima 3 hadi 9 tukisafiri pamoja nje ya saa za msongamano tunapunguziwa theluthi, iombeni kwa jina la GroupSave. Watoto miaka 5 hadi 15 nusu. Chini ya hapo bure. Ijumaa usiku nitaangalia kama kuna matengenezo ya reli, wikiendi hayaishi. Kanisani nimeshaandika kuuliza kama litakuwa wazi. Buti tafadhali, njia ya mtoni ina matope.

Dada Tumaini: Mimi chapati na maharage.

Neema: Mimi chai. Babu, nikupigie video tukifika kwenye mchoro?

Mjomba (Bagamoyo): Piga. Nitamwita na bibi yako.

Mama Neema: Saa tatu na nusu asubuhi, mlangoni Blackfriars.