Kioo cha dukani kinanigombanisha na wateja, naombeni ushauri

DadaMagauni: Wakuu, habari za jioni. Nina duka la magauni Kariakoo. Mwezi huu wateja wanne wamerudisha nguo, na maneno ni yaleyale: "Dukani nilipendeza, nyumbani nimekuwa kibonge." Kioo ni cha kawaida tu, sentimita 150 kwa 50, kipo ukutani. Halafu kuna jambo jingine: mteja akikisogelea anajiona mpaka viatu, akirudi nyuma hatua tatu viatu vinapotea, anaanza kuona feni ya dari. Ninunue kioo cha aina gani?

MzeeWaTaa: Tatizo ni taa. Balbu moja ya katikati ya dari inamwaga mwanga utosini, vivuli vinakaa chini ya macho, kidevu na tumbo. Funga tyubu mbili wima, moja kila upande wa kioo, zimwelekee mteja. Wengi wanamulika kioo, wakati anayehitaji mwanga ni mtu. Ukuta unaomkabili upake rangi nyeupe isiyong'aa. Uso wa rangi hiyo una vijibonde vinavyotazama kila upande, hivyo mwanga unatawanyika na kujaza vivuli. Rangi ya mafuta inarudisha mng'ao upande mmoja, na gauni likiwa la satini ndiyo usiseme, kila mkunjo utaonekana.

DadaMagauni: Asante mzee wangu, lakini taa nilishabadilisha. Wamerudisha hivyohivyo.

FundiVioo: Unene wake milimita ngapi? Na nyuma kuna ubao?

KinyoziSinza: Dada, acha magauni, uza hicho kioo. Utapata foleni mpaka Msimbazi 😂

DadaMagauni: Unene sijapima. Kwani unahusika nini na watu kunenepa?

Mpitanjia: Hii hadithi imetungwa. Kioo bapa kilichobanwa wima ukutani hakipotezi viatu. Mwale unaotoka kiatuni hadi jichoni unagonga kioo katikati ya kimo cha macho na sakafu, uwe umesimama hatua moja au kumi. Macho yakiwa sentimita 150 kutoka sakafuni, unaviona viatu kwa alama ya 75, basi. Mtu anayekitazama kioo hicho kila siku angejua. Ama umetunga, ama hakiko wima.

DadaMagauni: Sijatunga! Haya, hakijafungwa. Kimesimama juu ya boksi la sentimita 50, kimeegemea. Chini kimetoka ukutani kama sentimita 20.

FundiVioo: Na ubao?

DadaMagauni: Niliutoa mwezi uliopita. Ni kioo cha milimita 3. Ulipotoka tu niliona watu wanapendeza zaidi, nikauacha hivyo. Jamani, mauzo yalipanda, mbona hamsemi hilo? Kila duka lina ujanja wake.

TichaFizikia: Sasa tumepata kisa chenyewe. Sentimita 20 kwenye 150 ni mwinamo wa nyuzi 8 hivi. Pembe ya mtuo (mwale unapogonga kioo) na pembe ya mwakisiko (unaporudi) ni sawa, kwa hiyo ukiinamisha kioo nyuzi 8, mwale unageuka nyuzi 16. Mteja akiwa mita moja bado anaona viatu. Akifika mita tatu, kitu cha chini kabisa anachokiona kiko sentimita 37 juu ya sakafu. Feni yako imetokea hapo, na Mpitanjia alikuwa na haki ya kuhoji.

Hilo ni dogo. Kioo chembamba kikishikwa juu na chini tu, uzito wake unakivuta katikati kuelekea ukutani. Kwa vipimo vyako kinazama kama milimita 4. Kimekuwa kioo mbonyeo, kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha karibu mita 70. Kwa kuwa kimejikunja juu kwenda chini pekee, kinarefusha bila kupanua. Mteja wa sentimita 160 akisimama mita mbili anajiona kama wa 165, unene uleule. Akirudi nyuma anazidi kurefuka. Nyumbani kioo kimenyooka, zile tano hazipo.

MamaWatatu: Mizani ikipunguza gramu hamsini tunaita wizi. Hiki nacho ni kipimo, mwanangu.

DadaMagauni: Mama, sikumlazimisha mtu kununua. Na hapa ninapoandika nimeshalipia nusu ya kioo cha pili, milimita 3 vilevile, cha ukuta wa mlangoni. Nikikiegemeza kidogo tu, sentimita 10?

TichaFizikia: Kitazama kama nusu ya hicho. Wateja watarudisha nguo, ila watashindwa zaidi kueleza kwa nini. Kwanza hakikisha: vuta uzi toka ukingo wa juu hadi wa chini, ukaze ugusane na kioo pande zote mbili, kisha pima pengo la katikati. Kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76. Hesabu ngapi zinapita.

FundiVioo: Mwambie muuzaji akubadilishie cha milimita 6. Ukakamavu unapanda mara nane, uzito mara mbili, kwa hiyo kinazama robo tu. Kitakuwa na kilo 11, usikiegemeze. Cha zamani kibandike kwenye plaiwudi ya milimita 18 iliyonyooka, ikaguliwe kwa rula ndefu. Silikoni ipigwe mistari ya wima, usiweke madonge ya kona, unyevu upate pa kutokea. Na isiwe ile inayonuka siki, inakula utando wa madini ya fedha ulio nyuma ya kioo, kingo zinakuwa nyeusi. Ukingo wa chini uwe sentimita 40 kutoka sakafuni, mfupi na mrefu wote watajiona viatu.

KinyoziSinza: Kwa hiyo kumbe mimi ni mfupi kweli.

DadaMagauni: Uzi nimevuta. Kadi tano zimepita katikati, karibu na boksi haipiti hata moja. Fundi, plaiwudi hiyo wanakata kwa kipimo au nichukue shiti nzima?