Mti wa mkoa hadi kitongoji: jsTree, react-arborist, MUI X au HTML tupu?

Kipanga_TZ
Wakuu, salaam. Nina mfumo wa kuripoti visima vya maji. Mteja anataka karani achague eneo kwa kufungua mti: mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji. Aweze kutia tiki mkoa mzima, au vijiji viwili tu. Mikoa 31 si tatizo, balaa liko kwenye vitongoji. Nilijaribu kuumwaga mti wote kwa mpigo, simu ikaganda mpaka nikaizima. Nyuma, kwenye seva, ni PHP; mbele, kwenye kivinjari, sijaamua nitumie maktaba gani ya kuchora mti. Nani ametumia nini?

mama_kodi
Kama hujaanza na React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa), usiilete kwa ajili ya mti mmoja. jsTree ni maktaba ya miti ya zamani na inategemea jQuery, maktaba nyingine ya JavaScript, ila kazi hiyo inaiweza. Tawi ambalo watoto wake bado wako kwenye seva unaliandikia `children: true`, nayo inalichorea kishale. Karani akigusa Kigoma ndipo unawaendea Kasulu, Kibondo, Kakonko na wenzao. PHP inapokea id (kitambulisho) ya tawi lililoguswa na kurudisha orodha ya watoto wake kwa muundo wa JSON, basi. Ikoni, rangi, menyu ya kitufe cha kulia cha mausi, vyote unageuza utakavyo.

Nai_dev
Sasa wadau. Huku Kenya mti wetu ni mfupi: kaunti 47, maeneo bunge 290, wadi 1,450. Zote pamoja hazifiki 1,800, kwa hiyo nilizipakia mara moja kwa react-arborist, maktaba ya miti ya React, na haikusumbua. Inachora mistari inayoonekana kwenye skrini pekee. Kuburuta tawi na kulibadilisha jina vimo humo humo. Mstari wenyewe unauchora wewe, na hapo ndipo raha na karaha: ile tiki ya nusu, ya mzazi ambaye watoto wake wengine wamechaguliwa na wengine bado, niliiandika kwa mkono. Ilinila siku tatu.

rangi_mbili
MUI X, ikiwa tayari uko kwenye MUI, ile seti ya vijenzi vya React. Tiki zipo, sura inafuata mandhari yako. Lakini nilipoangalia, kupanga matawi upya kwa kuburuta kulikuwa kwenye toleo la kulipia. Soma leseni kabla hujamwahidi mteja.

mzee_wa_html
Vijana mnapenda mizigo. HTML ina tagi yake ya kufungua na kufunga: `<details>` ndani ya `<details>`, CSS kidogo, kwisha. Hata JavaScript ikigoma kupakia, mti unafunguka.

mama_kodi
Shikamoo mzee. Kwa menyu ya pembeni yenye matawi kumi nakubali. Kwa mikoa 31, anayetumia kibodi atabonyeza Tab mara 31 kabla ya kuufikia wa mwisho. Mti halisi, ule unaotambulishwa kwa kivinjari kwa `role="tree"`, unaingia kwa Tab moja, halafu mshale wa chini unashuka, wa kulia unafungua, wa kushoto unafunga. Na kisoma skrini kinamwambia asiyeona yuko ngazi ya ngapi, ukiweka `aria-level`.

mzee_wa_html
Marahaba. Hapo umenishika.

Unguja_online
Kipanga, mtego mkubwa hakuna aliyeutaja. Ukichanganya tiki na kupakia kidogokidogo, karani anatia tiki Kigoma kabla hajaifungua. Kivinjari hakijui vijiji vya Kigoma, kwa hiyo kinatuma id moja tu: Kigoma. Ukiwa umeandika seva ipokee orodha ya vijiji, ripoti inatoka tupu. Yalinikuta, na mteja alidhani data imefutwa. Dawa: kwenye jsTree tumia `get_top_checked`, tuma tawi la juu kabisa lililochaguliwa, seva ndiyo ishuke hadi vijijini.

Na weka kisanduku cha kutafuta. Karani wa kata anajua jina la kijiji chake, ya nini kumpitisha ngazi nne? Ila matokeo yaonyeshe njia nzima. Majengo ipo Moshi, ipo Dodoma.

Nai_dev
Hata Nairobi na Mombasa kuna Majengo 😄

Kipanga_TZ
Nimerudi. Nimechukua jsTree kwa sababu ya PHP na kwa sababu tiki ya nusu imo tayari. Siku tatu za Nai_dev mimi sina. Simu ile ile iliyoganda sasa inafungua mikoa papo hapo. `get_top_checked` imefanya kazi, Unguja asante sana, nilikuwa naelekea shimoni. Jana nimeandika Majengo kwenye kutafuta, zikashuka kama mvua, lakini kila moja na wilaya yake. Kimebaki kishale: kwa kidole ni kidogo mno, nakikuza leo.