Tangazo la utafiti wa malaria lisomwe kanisani?

Mleta mada: Wana Kigoma, Bwana asifiwe. Watafiti wanaomba mchungaji atangaze kwamba baada ya ibada watu wabaki wachomwe kidole wapimwe malaria. Wengine wanasema ni kumtumikia jirani, wengine wanasema ni kulazimisha waumini. Mnaonaje?

Mwana wa Ujiji: Tatizo liko wapi? Danieli 1 ni utafiti tosha. Yeye na rafiki zake siku 10 za mboga na maji, wenzao chakula cha mfalme, mwisho nyuso zikalinganishwa.

Mama Darubini: Danieli aliomba mwenyewe! Nani atainuka atoke mchungaji wake akimtazama? Atangaze tu kwamba utafiti upo. Maelezo atoe mtafiti, siku nyingine, mtu mmoja mmoja. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi asiye wa timu, aweke dole gumba, aondoke na nakala. Kuhifadhi damu kwa utafiti mwingine kunataka sahihi ya pili. Na kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ni cha mwaka mmoja, kikaguliwe tarehe.

Mwana wa Ujiji: Makaratasi yote hayo kwa tone moja? Sokwe wa hifadhi ya Gombe wanatafitiwa miaka yote, mbona hawajawahi kusaini.

Kibirizi Mwaloni: Sokwe waache. Ndizi za kuwavuta kambini kwa watafiti ziliwakutanisha na nyani, wakawa wanagombana, halafu ikaja polio ya 1976 ikawapoozesha.

Mama Darubini: 1966. Na chanjo waliwekewa kwenye ndizi hizohizo. Leo mwenye mafua haruhusiwi kuwasogelea.

Mzee wa Mwanga: Kumbe sokwe analindwa asipate mafua, muumini anaviziwa mlangoni na njaa yake! Mwanzo 2:15, "ailime na kuitunza". Tuanze na nani?

Mwana wa Ujiji: Mzee, mahubiri Jumapili. Nimesema tone moja tu.

Mama Darubini: Hilo "tone moja" ndilo linaloniudhi. Ni matone kadhaa kwenye karatasi ya kuchujia, kila moja lijaze duara lake yasigusane. Yakauke kivulini kwa muda wa saa 4 hivi, masika yalale usiku kucha, ndipo karatasi iingie kwenye mfuko wake pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu. Ukifunga mbichi inaota ukungu, vinasaba vinaharibika, na mtoto wa watu umemchoma bure. Uzembe nao ni dhambi.

Mleta mada: Jamani, tangazo ni Jumapili hii. Lisomwe?

Kibirizi Mwaloni: Subiri kwanza. Hizo ndizi, kibali alitoa nani?