Tafakari ya kila siku kwa mwanamke Mkristo: aya moja ya asubuhi inatosha, au tusome kitabu kizima?

Mama Upendo, Iringa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mama wa watoto wadogo na nauza vitenge sokoni. Kila asubuhi, kabla ya kuwaandaa watoto kwenda shule, husoma kijitabu cha tafakari kilichoandikwa kwa ajili ya wanawake: aya moja, maelezo ya nusu ukurasa na sala fupi. Kijitabu hicho kimenijenga na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo, siku hizi nina njaa ambayo ukurasa ule hauishibishi. Aya ninazozijua kwa moyo ni nyingi, lakini katika umoja wa wanawake nikiulizwa Hana aliishi vipi baada ya kumtoa Samweli kwa Bwana na kumwacha hekaluni, au Yeremia alikuwa anawaandikia akina nani alipotaja "mawazo ya amani", ninakosa jibu.

Ninaomba ushauri wa wale waliotangulia. Je, niache kijitabu na kuanza kusoma vitabu vya Biblia kimoja kimoja? Nianze na kipi, na kwa kiasi gani kwa siku, ikiwa muda nilio nao kwa uhakika ni ule wa kusubiri chai ichemke? Tena, wengi husema kwamba ibada isiyofanyika alfajiri haina nguvu. Jambo hilo lina msingi katika Maandiko?

Mwalimu wa Wanawake, Tukuyu

Amina, binti yangu. Swali lako nimelisikia kwa akina mama wengi ninaowafundisha.

Kwanza, usikidharau kijitabu, kwa maana desturi ya kuishi na neno moja kwa siku ni ya zamani na ina heshima. Sisi Wamoravian tumeipokea kutoka Herrnhut, Ujerumani, ambako mwaka 1728 Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian wa huko, alianza kuwapa waamini neno la siku inayofuata, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilichapishwa kwa ajili ya mwaka 1731, na hakijakoma kutoka hadi leo. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watu waliolelewa katika desturi hiyo. Lakini angalia jambo moja ambalo wengi hawalioni: kando ya lile neno la siku, kitabu hicho huonyesha pia sehemu za Biblia za kusomwa siku hiyo. Aya moja haikukusudiwa kuwa chakula chote. Ilikusudiwa iwe neno la kutembea nalo shambani na jikoni, huku Maandiko yenyewe yakiendelea kusomwa.

Hasara ya kusoma aya peke yake inaonekana wazi katika huo mfano wako wa Yeremia 29:11. Maneno hayo yamo katika barua iliyopelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya zinazotangulia zinawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka, na aya ya kumi inawaambia kwamba itapita miaka sabini. Wengi waliosikia barua hiyo ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Tumaini lao, basi, halikuwa la kupata kazi au mume mwezi ujao, kama aya hiyo inavyotumiwa mara nyingi katika kadi na jumbe za simu. Lilikuwa la Mungu ambaye hawaachi watu wake hata wakati jibu linapochelewa kupita umri wa mtu. Mama anayemuuguza mtoto mgonjwa kwa miaka mingi anaihitaji barua nzima.

Kuna hasara nyingine inayotugusa sisi wanawake zaidi, nayo ndiyo inayonifanya niandike kwa urefu. Vijitabu vyetu vimezoea kuturudishia wanawake walewale katika sehemu zilezile za maisha yao. Martha hutajwa kama yule aliyehangaika na utumishi mwingi akaonywa, katika Luka 10. Ni mara chache tunaongozwa hadi Yohana 11, ambapo Martha huyo huyo, kaburi la ndugu yake likiwa bado limefungwa, anasema, "Naam, Bwana, mimi nimesadiki ya kwamba wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu." Ungamo hilo linasimama sawasawa na lile la Petro katika Mathayo 16, na limetoka kinywani mwa mwanamke aliye katika msiba. Vivyo hivyo Mithali 31: tunafundishwa kuanzia aya ya kumi, habari za mke mwema, na tunasahau kwamba sura nzima ni mafundisho ambayo mfalme Lemueli aliyapata kwa mama yake, na kwamba kabla ya kumsifu mke huyo, mama huyo alimwamuru mwanawe afumbue kinywa kwa ajili ya asiyeweza kujitetea na kuwapatia maskini haki yao. Ukimsoma Hana hadi sura ya pili ya 1 Samweli, utakuta kwamba kila mwaka alimshonea mtoto wake kanzu ndogo na kumpelekea. Mimi sijui tafakari inayoweza kumfundisha mama juu ya kumtoa mtoto kwa Bwana kuliko hiyo kanzu, iliyobidi iongezwe ukubwa kila mwaka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kijitabu kibaki, lakini kisiwe cha kwanza. Anza na Ruthu, ambacho kina sura nne tu, kisha Luka. Luka ina sura 24 na Matendo ya Mitume ina 28, na vyote viwili viliandikwa kwa ajili ya Theofilo, kwa hiyo ni habari moja inayoendelea. Jumla ni sura 52. Hata ukisoma sura moja tu kwa juma, ukiirudia na kuiombea siku zote saba, utavimaliza kwa mwaka mmoja.

Muuguzi wa zamu, Dodoma

Ninamuunga mkono Mama wa Tukuyu, nami nijibu lile la alfajiri, kwa kuwa kazi yangu ya wodini imenilazimu kulichunguza.

Ni kweli kwamba Bwana Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo na watu kuomba (Marko 1:35), na mwenye nafasi hiyo aitumie kwa shukrani. Hata hivyo, Biblia haijafanya saa hiyo kuwa sharti. Zaburi 55 inataja jioni, asubuhi na adhuhuri. Zaburi 1 inasema mwenye heri huitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Nayo Zaburi 134 inawahusu watumishi wanaosimama usiku nyumbani mwa Bwana. Mama aliyeamka mara tatu usiku kumnyonyesha mtoto asiambiwe kwamba Mungu amemkasirikia kwa sababu hakuwahi alfajiri. Maneno ya namna hiyo yamewafanya akina dada wengi waache kusoma kabisa, wakidhani wameshashindwa.

Kuhusu kiasi, Agano Jipya lina sura 260. Ukisoma sura moja kwa siku tano za juma, unalimaliza kwa majuma 52 kamili, na siku mbili za kila juma zinabaki kwa ajili ya udhuru. Mpango usio na nafasi ya udhuru huvunjika mtoto anapopata homa. Tena usisahau kusikiliza. Biblia ya Kiswahili ya sauti inapatikana katika simu, na Ufunuo 1:3 inampa heri asomaye pamoja na wale wanaosikia. Ukiwa unafua au unapanga vitenge, sura moja inasikika yote.

Mwana-WAWATA, Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo.

Niongeze kutoka upande wetu wanawake Wakatoliki (WAWATA). Kanisa limekwisha kutupangia masomo ya kila siku, kwa hiyo wengi wetu hatuhangaiki na kuchagua. Injili za siku za juma katika kipindi cha kawaida huanza na Marko, zikaendelea na Mathayo na kumalizia na Luka kila mwaka, na somo la kwanza lina mzunguko wa miaka miwili. Faida ninayoiona ni kwamba mpangilio huo haunipi tu yale niyapendayo, na kwamba sura ninayoisoma nyumbani ndiyo inayosomwa siku hiyo na wenzangu parokiani.

Kuhusu namna ya kusoma, hatua nne za Lectio Divina, yaani kusoma Maandiko kwa sala, zinamfaa hata mwenye muda mfupi. Guigo wa Pili, mtawa wa karne ya 12, alizipanga hivi: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Soma polepole kwa sauti ndogo, rudia neno lililokugusa, mwambie Mungu lile ambalo neno hilo limelizua moyoni, kisha nyamaza. Hatua ya nne ndiyo tunayoiruka sana. Luka anasema Mariamu aliyaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake, wala hatuambiwi kwamba aliyaelewa yote siku ile ile.

Mama Upendo, Iringa

Mungu awabariki. Shikamoo, Mama wa Tukuyu. Nimeazimia kuanza na Ruthu, na dada mmoja wa jirani amekubali tusome pamoja. Nina swali moja lililobaki. Nikifuata vitabu vizima, nitafika mahali kama Waamuzi 19, habari ya yule suria aliyefanyiwa ukatili hadi akafa. Kijitabu hakijawahi kunipeleka huko. Je, sura kama hiyo naisomaje katika ibada?

Mwalimu wa Wanawake, Tukuyu

Marahaba, binti yangu. Usiifanye kuwa somo la siku za mwanzo, na ukiifikia usiisome peke yako. Umefanya vyema kumpata mwenzako. Ikiwa mmoja wenu amewahi kudhulumiwa kwa namna hiyo, msilazimishane, ahirisheni mpaka awe tayari.

Lakini msiiruke daima. Kitabu kile hakiusifu ukatili huo. Aya ya mwisho ya sura hiyo inawataka Israeli walitafakari jambo hilo, wafanye shauri na kunena, na kitabu kinafungwa kwa kusema kwamba kila mtu alifanya yaliyokuwa mema machoni pake mwenyewe. Yaani Maandiko yanalitaja ovu lililotendwa kwa mwanamke asiyetajwa jina na kuwaamuru wasomaji wasinyamaze. Wako wanawake katika makanisa yetu ambao hawajawahi kusikia kwamba Biblia inaujua uovu waliotendewa, na wanadhani ni aibu yao.

Mkishamaliza, someni Ruthu tena. Katika Biblia zetu kinafuata papo hapo, na aya yake ya kwanza inasema mambo yake yalitokea siku zile za waamuzi. Katika siku zile zile mbaya, sura ya pili inamwonyesha Boazi akiwakataza vijana wake wasimguse mwanamke mgeni aokotaye masazo shambani, na kumwambia akiona kiu aende kunywa katika vyombo vyao. Sura hiyo na ile ya Waamuzi 19 zisomeni juma moja, kisha muulizane ni ipi inayofanana na mtaa wenu.